Moshi wa Jikoni na Ukuaji wa Watoto Wetu

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati isiyowafukiza moshi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano uliofanyika Paris, Ufaransa, ambako serikali na makampuni ya nchi mbalimbali yaliahidi dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya kazi hiyo katika Afrika. Tangu hapo habari za nishati safi zimekuwa zikisemwa katika mikutano ya hadhara, katika vikao vya kata na katika redio.

Sisi tunauunga mkono mkakati huo bila kusita. Lakini kuunga mkono jambo si kulipigia makofi tu. Mwanachama anayetumwa kwenda kuwaeleza wananchi hana budi kwanza aelewe yeye mwenyewe lile analolisema, maana mwananchi aliyeahidiwa jambo lisilotimia haamini tena hata lile lililo la kweli. Wako wasemaji wanaosema kwamba mtungi wa gesi ukiingia nyumbani, mtoto atazaliwa na uzito wa kutosha na wala hatadumaa. Je, ni kweli? Jibu lake si ndiyo tupu wala si hapana tupu, na leo tunataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu jambo lenyewe ni maisha ya watoto wachanga wa nchi hii.

Hali Ilivyo

Tuanze na hesabu zetu wenyewe. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 wa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 30. Tumepiga hatua, wala hapana haja ya kulificha jambo hilo. Lakini watoto 30 katika 100 ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Darasa la watoto 45 lina watoto 13 au 14 ambao miili yao haikupata kukua kama ilivyostahili.

Kudumaa si ufupi wa ukoo. Kila mtu anajua kwamba wako watu wafupi wenye nguvu na akili timamu. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake kiko chini mno ya kipimo cha umri wake, kwa sababu mwili ulinyimwa kitu fulani, au ulipigana na adui fulani, wakati ule ule uliokuwa ukijijenga. Wakati huo ni mfupi sana. Wataalamu huuhesabu kuwa siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hata mtoto anapotimiza miaka miwili. Katika siku hizo ubongo hujengwa, mapafu hupanuka, mifupa hurefuka. Likiharibika jambo wakati huo, kulitengeneza baadaye ni kazi ngumu mno, na mara nyingi haiwezekani kabisa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, nao walikuwa wakizungumza juu ya malezi. Lakini neno lao ni kweli pia kwa mwili wa mtoto.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya moshi, hatuzungumzi juu ya macho kuwasha wala masizi darini. Tunazungumza juu ya wafanyakazi na wakulima wa miaka 20 ijayo, ambao leo wako tumboni au mgongoni mwa mama zao.

Moshi Hufanya Nini

Moshi wa kuni na mkaa una adui wawili wakubwa. Wa kwanza ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii ikiingia katika damu hushika mahali pale ambapo pangeshikwa na oksijeni. Mama mja mzito anayeivuta hupeleka kwa mtoto aliye tumboni damu yenye oksijeni pungufu, na mtoto huyo hana dirisha la kufungua. Mkaa, ambao watu wengi huuona kuwa safi kwa sababu hautoi moshi mwingi wa kuonekana, hutoa gesi hii kwa wingi. Ndiyo sababu jiko la mkaa lililowekwa ndani ya chumba cha mzazi, milango ikafungwa ili mama na kichanga wapate joto, ni hatari kubwa. Desturi ya kumhifadhi mzazi ni njema. Lakini jiko liwashwe nje, na maji ya kumkandia yaingizwe yakiwa tayari yamechemka.

Adui wa pili ni chembechembe laini zilizomo katika moshi, ambazo unene wake ni karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka hata chini kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2019 wataalamu wa Ubelgiji walitangaza kwamba wamekuta masizi ya namna hiyo katika kondo la nyuma, tena upande ule unaomwelekea mtoto. Yaani ukuta tuliodhani humlinda mtoto hauwezi kuyazuia masizi yote. Naye mtoto akizaliwa huvuta pumzi mara 30 hata 60 kwa dakika moja, hali mtu mzima huvuta mara 12 hata 20. Akikaa mgongoni mwa mama yake mbele ya mafiga, hewa ile ile humwingia kwa kasi zaidi, katika mapafu yasiyopata bado kukomaa.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao hufa zaidi kwa kichomi, ambacho siku hizi wengi huita nimonia. Kwa muda wa miaka mingi wachunguzi wa nchi mbalimbali wameona pia kwamba mama wanaopikia moshini huzaa watoto wenye uzito mdogo kuliko mama wasiovuta moshi. Mtoto akizaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 huanza safari ya maisha akiwa nyuma ya wenzake.

Jaribio la Nchi Nne

Lakini hapa ndipo panapotaka akili. Mama wanaopikia kuni mara nyingi ndio hao hao wasiopata chakula cha kutosha, wanaochota maji mbali, wanaoishi mbali na zahanati. Utajuaje kwamba ni moshi uliompunguza mtoto uzito, wala si njaa? Njia ya kujua ni kuchukua mama wa hali moja, nusu wapewe gesi na nusu waendelee na kuni, kisha watoto wapimwe.

Jambo hilo lilifanyika. Mama waja wazito wapatao 3,200 katika nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na jirani yetu Rwanda, waliingizwa katika jaribio moja kubwa. Huko Rwanda kazi ilifanyika katika Wilaya ya Kayonza, upande wa Mashariki. Nusu ya mama hao walipewa jiko la gesi na gesi yenyewe bila malipo, tangu wakati wa mimba hata mtoto alipotimiza mwaka mmoja. Moshi waliovuta ukapungua sana: chembechembe laini zilishuka zikawa kiasi cha mikrogramu 24 katika meta moja ya ujazo wa hewa, hali mama waliobaki na kuni walivuta mikrogramu 70.

Matokeo ya uzito wa kuzaliwa yalitangazwa mwaka 2022. Watoto wa mama waliopikia gesi walikuwa na wastani wa gramu 2,921. Watoto wa mama waliopikia kuni walikuwa na gramu 2,898. Tofauti ni gramu 20 na kidogo, sawa na vijiko vinne au vitano vya sukari, na kwa hesabu za wataalamu hiyo si tofauti ya kutegemewa. Matokeo ya udumavu yalifuata mwaka 2024. Walipotimiza mwaka mmoja, watoto waliodumaa katika nyumba za gesi walikuwa 27 katika 100, na katika nyumba za kuni 25 katika 100. Hapo napo hapakuwa na tofauti ya maana. Hata kichomi kikali hakikupungua.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2016, yalitangazwa matokeo kutoka kwa jirani zetu wa Malawi. Nyumba za watoto zaidi ya 10,000 zilikuwa zimehusika, na nusu yake zilipewa majiko mapya ya kuni yenye feni, yanayotoa moshi mchache kuliko mafiga. Watoto walioungua moto walipungua, na hilo si jambo dogo. Lakini kichomi hakikupungua.

Mwanachama akisoma habari hizi anaweza kufadhaika. Je, tumekuwa tukihangaika bure? Hata kidogo. Lakini hatuna haki ya kuzificha, wala ya kusubiri wapinzani wa mkakati huu wazisome kwanza na kuzisema nusu nusu. Kweli inayotoka kinywani mwetu wenyewe ni bora kuliko kweli tunayolazimishwa kuikubali.

Maana Yake kwa Sisi

Tunaona mafundisho matatu.

La kwanza, moshi haukuachiliwa huru na jaribio lile. Kipimo ambacho Shirika la Afya Ulimwenguni lilikiweka mwaka 2021 ni kwamba hewa ya kuvuta mwaka mzima isizidi mikrogramu 5 za chembechembe laini. Mama waliopewa gesi walikuwa bado wanavuta 24, yaani karibu mara tano ya kipimo hicho. Tena waliipata gesi mimba ikiwa imekwisha kutimiza majuma kadhaa, na baada ya miaka mingi ya kuishi moshini. Mtu aliyepunguziwa mzigo wa magunia matano yakabaki mawili hawezi kusemwa kwamba hana mzigo. Aidha wachunguzi wale wale walipowatazama mama mmoja mmoja, waliona kwamba yule aliyevuta moshi mwingi zaidi alielekea kuzaa mtoto mwepesi kidogo. Na madhara ya moshi kwa moyo na mapafu ya mama mwenyewe, na kwa nguvu zake zinazopotea katika kutafuta kuni, hayategemei uzito wa mtoto ili yawe kweli.

La pili, jiko moja si hewa ya mtaa mzima. Nyumba moja ikipikia gesi na majirani tisa wakipikia kuni, moshi hauulizi mlango wa nani. Tuitazame mitaa yetu. Asubuhi taka huchomwa uani, na ndani yake mna plastiki. Mkaa huwashwa kwa vipande vya mifuko na chupa za plastiki, ambavyo hutoa sumu mbaya kuliko moshi wa mkaa wenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki ya kuwashia moto haijapungukiwa. Usiku kuna koroboi chumbani, na baba anavuta sigara kando ya kitanda cha mtoto. Mtungi wa gesi uliokaa katikati ya mambo hayo ni kama mtu mmoja anayekomba maji katika mtumbwi huku wengine watano wanautoboa. Kwa hiyo kazi hii ni ya ujamaa kwa maana yake halisi: ama hewa inakuwa safi kwa wote, au haiwi safi kwa yeyote.

La tatu, ndilo kubwa zaidi, mtoto hadumai kwa sababu moja. Hudumaa kwa sababu mama alikula mlo mmoja wakati wa mimba. Kwa sababu malaria ilimpata ikampunguzia damu. Kwa sababu maji ya kisima ni machafu, na mtoto akaharisha mara sita kwa mwaka. Kwa sababu uji wake ni wa unga mtupu bila maziwa, dagaa wala karanga. Kwa sababu alimfuata kaka yake mapema mno. Ukiondoa moshi ukaacha hayo yote, umeondoa mwizi mmoja katika kundi la wezi. Mali itaendelea kuibiwa, na mjinga atasema kwamba yule uliyemwondoa hakuwa mwizi.

Sumu Nyingine Zisizoonekana

Tena moshi si sumu pekee. Katika vyakula vyetu vya kila siku, hasa mahindi na karanga, huingia sumukuvu, itokayo katika ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka vizuri. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, na 20 katika hao wakafa. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Wako wengine wengi wanaokula kidogo kidogo siku zote, na wa kwanza katika hao ni mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa mahindi. Wataalamu wengi wanaona kwamba sumu hii nayo ina mkono katika udumavu. Dawa yake haihitaji fedha za kigeni: nafaka ianikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, ikauke barabara, punje zilizooza zichambuliwe na kutupwa, na ghala lisiwe na unyevu.

Kisha iko risasi. Hatusemi risasi ya bunduki, bali madini ya risasi yanayotumika katika betri za magari na katika rangi nyingine za kupakia nyumba. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, pamoja na wenzake, lilitangaza kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, wana risasi katika damu kwa kiasi cha kutia hofu. Madini haya hujificha katika mifupa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa chokaa ya kumjengea mtoto, na risasi iliyojificha hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma. Mtoto akila risasi, mwili wake hushika mara nne au tano ya kiasi kile ambacho ungeshika mwili wa mtu mzima. Hupunguza akili na hudhoofisha ukuaji, na hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Wafanyakazi wanapaswa kujifunza habari za kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, katika nchi jirani ya Kenya. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa kando ya nyumba za watu, kikafanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliacha kazi akawaongoza wanakijiji. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufunguliwa hata hukumu ya mwisho imepita miaka 17. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ya kwanza sasa ni kijana mkubwa, na hakuna fidia inayoweza kumrudishia miaka ile ya kukua.

Tunalisema jambo hili kwa sababu nchi yetu inajenga viwanda, na kazi inatafutwa kila mahali. Kazi ni uhai. Lakini mfanyakazi anayerudi nyumbani na vumbi la risasi katika nguo zake, akambeba mwanawe kabla ya kuoga, amemletea sumu pamoja na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mama mja mzito, au anayenyonyesha, kazi iliyo ya hatari kwake au kwa mtoto. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, na muda wa kunyonyesha hata saa mbili kwa siku. Sheria hiyo imekwisha kuandikwa. Swali ni wangapi katika matawi ya vyama vya wafanyakazi wanaoijua, na wangapi wanaoidai.

Gesi na Mfuko wa Mwananchi

Sasa turudi jikoni. Kwa nini mwananchi aliyepewa mtungi huuweka pembeni akarudia mkaa? Si kwa sababu ya ujinga, kama wanavyodhani baadhi ya viongozi. Ni kwa sababu mkaa huuzwa kwa kopo na kwa fungu, na gesi huuzwa kwa mtungi mzima. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua mkaa wa leo kwa fedha ya leo. Hana fedha ya mwezi mzima kwa pamoja. Mwisho wa mwaka huenda mkaa umemgharimu zaidi kuliko gesi, lakini mwisho wa mwaka haupiki chakula cha jioni hii.

Serikali, kwa njia ya Wakala wa Nishati Vijijini, imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu ya bei. Ni hatua njema. Lakini kazi ya mtungi wa kwanza ni ndogo kuliko ya mtungi wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Tukumbuke kwamba katika lile jaribio la nchi nne gesi ilitolewa bure mfululizo, na hata hivyo matokeo yalikuwa yale tuliyoyasema. Mtungi mmoja ulioisha tangu mwezi wa pili, unaotumiwa kuwa kigoda, hauwezi kuandikwa katika hesabu kuwa nyumba moja yenye nishati safi. Tunaomba hesabu za mkakati zipimwe kwa gesi iliyojazwa upya na umeme uliotumika kupikia, wala si kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa mbele ya wapiga picha.

Njia zipo. Ziko mita zinazomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kadiri anavyotumia, na njia hiyo yafaa ifike katika mitaa ya vibarua, si katika mitaa ya wenye mishahara tu. Upo umeme pia. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na sufuria za umeme zenye mvuke huivisha maharage kwa umeme kidogo sana. Zimetakiwa pia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024. Hizo ni shule, magereza na kambi, ambazo zina bajeti na zinaweza kubanwa. Kama taasisi ya umma yenye bajeti bado inapikia magogo, kwa uso gani tutakwenda kumlaumu mama anayeuza maandazi?

Wajibu wa Chama

Nchi hii haianzi leo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Hawakupewa zawadi. Walielezwa sababu, wakaelewa, wakatenda. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Watoto walipimwa uzito mbele ya wazazi, na kamati ya kijiji ikaulizana: mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile. Siri ya Iringa haikuwa dawa moja ya kutibu kila kitu. Ilikuwa ni kuuliza sababu za kila mtoto, na kuzishughulikia zote pamoja.

Hiyo ndiyo njia tunayoishauri leo. Kwanza, balozi wa shina ajue katika nyumba zake ni mama wangapi waja wazito na watoto wangapi wa chini ya miaka miwili, na hao ndio wawe wa kwanza kufikiriwa katika ruzuku ya gesi au ya jiko la umeme. Pili, siku ya kupima watoto iwe pia siku ya kuuliza juu ya moshi, maji, nafaka na kazi ya wazazi, pasiwe na kampeni tano zinazopishana njiani bila kujuana. Tatu, kila mtaa uweke sharti la kutochoma taka za plastiki karibu na nyumba za watu, na halmashauri izizoe taka hizo, maana kumkataza mtu kuchoma bila kumwondolea taka ni kumwonea. Nne, matawi ya vyama vya wafanyakazi yakague kila karakana ya betri, ya rangi na ya kuchomelea, yakidai maji ya kuogea na mahali pa kubadilishia nguo, na wakaguzi wa usalama wa kazi waitwe mapema, kabla ya mtoto wa kwanza kuugua.

Juu ya yote, tuwaambie wananchi kweli. Tusiwaambie kwamba mtungi wa gesi peke yake utamrefusha mtoto. Tuwaambie kwamba moshi ni sumu inayoua, kwamba ni mmoja katika maadui wengi wa mtoto mchanga, na kwamba maadui hao hushindwa wakipigwa wote kwa pamoja. Mwananchi anayeelezwa hivyo hatakata tamaa akiona mtoto wa jirani mwenye gesi ameharisha. Atauliza juu ya maji.

Taifa hili lilipopata Uhuru lilitangaza vita juu ya maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Katika jiko lenye moshi wote watatu hukaa pamoja, wamezunguka mafiga mamoja. Hatuwezi kumpiga mmoja tukawaacha wawili wakiota moto. Kazi hiyo haina budi kuanza sasa, maana mtoto aliyetungwa mimba leo hana miaka kumi ya kungojea mkakati utimie. Anazo siku 1,000 tu, nazo zimekwisha kuanza kuhesabiwa.